Vitabu vya maigizo vimejificha wapi kwenye katalogi? (Sanaa, tamthilia na jamii, Arusha na Moshi)

#1 Kaloleni Jukwaani
Wakuu, salaam. Kikundi cha maigizo cha vijana hapa Kaloleni kinaandaa orodha ya vitabu vya sanaa, maigizo na jamii vinavyoazimika Arusha na Moshi. Kinachokwamisha ni katalogi ya kompyuta ya maktaba moja. Ukiandika "tamthilia" inaleta vitabu 11. Ukiandika "mchezo wa kuigiza" inaleta 4, na hakuna hata kimoja kilichokuwemo kwenye vile 11. Ukiandika "drama" vinamiminika zaidi ya 40, vingi vya Kiingereza, ila mmo humo tamthilia za Kiswahili ambazo hazikutokea mwanzo. Halafu ukienda rafu ya 792, iliyobandikwa "Sanaa za Maonyesho", humkuti Ebrahim Hussein wala Penina Muhando. Kuna vitabu vya taa za jukwaani na historia ya maigizo ya Ulaya, basi.

Vitabu vipo, maana wanafunzi wanaviazima. Kwa nini havionekani? Na mtu apekue vipi asivikose?

#2 Kibo na Mawenzi
Habari mkuu. Hilo la rafu lina jibu. Maktaba zetu nyingi zinatumia mpangilio wa Dewey, yaani mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, na Dewey anatenganisha maandishi na jukwaa. 792 ni ya kazi ya jukwaani: uigizaji, uongozaji, mavazi, taa, historia ya maonyesho. Tamthilia iliyoandikwa inahesabiwa kuwa fasihi, na fasihi yote iko 800.

Isome hivi: 896 ni fasihi za Kiafrika, 896.39 za lugha za Kibantu, 896.392 ni ya Kiswahili. Tarakimu inayofuata ndiyo inayotaja utanzu: 1 ushairi, 2 tamthilia, 3 hadithi na riwaya. Kwa hiyo Kinjeketile, tamthilia ya Hussein, inakaa 896.3922. Usiandike neno lolote. Nenda sehemu ya kutafuta kwa namba ya rafu, weka 896.3922, kisha shuka ukurasa kwa ukurasa. Hapo unapekua kama mtu aliyesimama mbele ya rafu yenyewe.

#3 Ngarenaro kwa Bibi
Kibo umesema kweli ya kitabuni. Kwenye maktaba ndogo hiyo namba haifiki mbali hivyo. Wanakata na kuandika 896 tu, au 896.392, halafu herufi tatu za jina la mwandishi: HUS, MUH, MBO. Riwaya, diwani na tamthilia zinakaa foleni moja. Ukiweka 896.3922 hupati kitu, utasema hakuna tamthilia kumbe zimo.

Anza na 896 peke yake, kisha chuja kwa lugha.

#4 Mkutubi wa Zamani
Wanangu, mnazungumzia namba, mimi naona kiini ni maneno. Kumbukumbu ya kitabu kwenye kompyuta ina uga mbalimbali, yaani visanduku vya taarifa vyenye namba. Uga wa 100 una mwandishi, wa 245 una jina la kitabu, wa 650 una mada. Ukiandika "tamthilia", kompyuta inatafuta mahali neno hilo lilipoandikwa. Ni tamthilia chache zenye neno "tamthilia" kwenye jina lake. Kinabaki kile alichoandika mkutubi kwenye 650, na hapo ndipo tulipogawanyika. Mmoja aliandika "Tamthilia za Kiswahili". Mwingine alinakili kumbukumbu iliyotengenezwa Marekani, ambayo mada yake ni "Swahili drama". Wa tatu akaacha wazi.

Kwa hiyo andikeni maneno ya Kiingereza yale yale wanayotumia wao: "Swahili drama" kwa maandishi, "Theater" na "Tanzania" kwa masomo ya jukwaa. Angalieni hiyo Theater inaishia na er. Ukiiandika kwa tahajia ya Uingereza yenye re unapata majina ya vitabu, lakini unakosa mada.

#5 Kaloleni Jukwaani
Shikamoo mzee, asante. "Swahili drama" imeleta 23. Bado najua kuna vingine. Je, kile kinyota cha kufupisha neno hakitusaidii? Niliwahi kusoma kwamba ukiweka kinyota kompyuta inamalizia yenyewe.

#6 Sakina Juu
Kinasaidia kidogo, na kwa Kiswahili kinasaidia kidogo zaidi kuliko mnavyodhani. Kinyota kinakaa mwishoni mwa neno. Ukiandika tamthili* unapata "tamthilia" na "tamthiliya", vizuri sana, maana tahajia zote mbili zimo vitabuni. Lakini maneno yetu yanageuka kichwani: mchezo na michezo, wimbo na nyimbo, igizo na maigizo, mwigizaji na waigizaji, halafu kuigiza na uigizaji. Mzizi ni ule ule -igiz- lakini umefunikwa mbele, na programu nyingi za maktaba hazikubali kinyota kutangulia neno. Aliyetengeneza kinyota alikuwa na lugha zinazobadilika mkiani.

Dawa ni kuyaandika yote kwa mkono, ukiyaunganisha kwa neno la Kiingereza "or":

igizo or maigizo or kuigiza or uigizaji or mwigizaji or waigizaji or tamthili*

Lihifadhi kwenye simu, unakili kila ukienda. Kwa ngoma na muziki tengeneza jingine: ngoma or wimbo or nyimbo or uimbaji or mwimbaji or waimbaji.

#7 Dada wa Pasua
Sakina, ongeza "thieta" na "sanaa za maonyesho". Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa kitabu mwaka 1976 kinachoitwa Fasihi na Sanaa za Maonyesho, na kuanzia hapo istilahi hiyo ilishika vyuoni. Kitabu cha taaluma kina uwezekano mkubwa wa kuwa na "sanaa za maonyesho" kuliko "maigizo".

Jambo la pili: neno "tamthilia" lenyewe limehama. Mtu wa kawaida leo akilisikia anafikiria ile ya runinga ya saa mbili usiku. Katalogi zenye filamu kwenye DVD zinachanganya. Chujeni kwa aina, mchague "kitabu".

#8 Usa River
Kuna shimo jingine ambalo Kibo hajaligusa. Dewey anaweka tafsiri pamoja na fasihi ya lugha iliyotoka. Kwa hiyo Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, 1963, haipo 896. Iko 822.33, namba ya Shakespeare, katikati ya vitabu vya Kiingereza. Na Mabepari wa Venisi vivyo hivyo. Makbeth na Tufani alizotafsiri Samuel Mushi nazo ziko huko. Kijana wa Kaloleni anayepekua Kiswahili peke yake hatakutana nazo hata akimaliza rafu nzima.

#9 Kibo na Mawenzi
Usa River, hoja nzuri, ila mwaka usahihishwe. Tafsiri ya 1963 iliitwa Julius Caezar. Mwalimu akairudia kazi yake, ikatoka upya 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Mabepari wa Venisi pia ni 1969. Kwa mpekuzi hili si dogo, kwa sababu kazi moja ina majina mawili, na kama mkutubi hakujaza uga wa 246, ule wa majina mengine ya kitabu, ukitafuta moja hupati nyingine. Andika "Kaizari or Caezar".

Na Mzalendo Kimathi iliyotoka 1978 iko shimo hilo hilo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo waliiandika kwa Kiingereza, kwa hiyo tafsiri yake ya Kiswahili inaangukia 822. Jina la Ngũgĩ nalo lina vialama juu ya herufi. Katalogi nzuri inavipuuza, katalogi mbovu inakwambia mwandishi huyo hayupo.

#10 Ngarenaro kwa Bibi
Hapo kwenye Mabepari msipite haraka. Shakespeare kamtaja mfanyabiashara, Mwalimu kaandika "mabepari", miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ni tafsiri inayozungumza na jamii yake. Kwangu mimi kitabu hicho kina haki ya kukaa kwenye orodha ya jamii sawasawa na kwenye orodha ya maigizo. Kaloleni, kiweke mara mbili.

#11 Sakina Juu
Na tafsiri zinazogeuzwa je? Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, 1980, imetokana na hadithi ya Sembène Ousmane iliyoandikwa Kifaransa. Lihamba hakutafsiri mstari kwa mstari. Aliigeuza kuwa tamthilia. Iwekwe 843 kwa Wafaransa au 896.392?

#12 Mkutubi wa Zamani
896.392. Ukigeuza utanzu umetengeneza kazi mpya, na mwandishi wa kazi mpya ni Lihamba. Sembène anatajwa kwenye uga wa ziada. Lakini nakiri wakutubi wawili wanaweza kukaa meza moja na wasikubaliane juu ya hili.

#13 Kaloleni Jukwaani
Hii ni darasa. Sasa tusaidieni upande wa majina ya waandishi. Penina Muhando anatokea na vitabu vichache kuliko tunavyojua.

#14 Dada wa Pasua
Kwa sababu ana majina mawili. Hatia ya 1972, Heshima Yangu, Pambo, Nguzo Mama na Lina Ubani zina jina la Muhando. Kitabu chake cha Kiingereza cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, kile cha maigizo shirikishi vijijini, kina jina la Mlama. Katalogi iliyopangwa vizuri inaunganisha majina hayo kwa kielekezi cha "tazama pia". Isiyopangwa inakupa waandishi wawili wasiojuana. Tafuteni "Muhando or Mlama".

Halafu kumbukeni jina linapinduliwa: Hussein, Ebrahim. Kezilahabi, Euphrase. Shaaban Robert anaingia kwenye R. Mswahili anamtafuta kwenye S, na kama katalogi ni ya kadi, kwenye droo ya S hatamwona.

#15 Njoro ya Dobi
Nasoma kimya tangu asubuhi. Mmesahau mwandishi ambaye si mtu. Kilio Chetu, inayosomwa sana sekondari, mwandishi wake ni Medical Aid Foundation. Ukitafuta kwa jina la mtu hutaipata milele. Na kwa kuwa inazungumzia UKIMWI na malezi ya vijana, ni rahisi mtu aliyeangalia jalada tu akaipeleka kwenye vitabu vya afya. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, na Orodha ya Steve Reynolds, hizo huwa hazionekani kwa sababu nyingine kabisa: ni vitabu vya mtaala. Vinatolewa kwenye rafu ya kawaida na kuwekwa nyuma ya meza ya mkutubi, vinaazimwa kwa saa, visitoke nje. Katalogi inasema vipo, rafu inasema havipo.

Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa. Mambo ya Dewey ni ya pili. Kaulizeni mezani kwanza.

#16 Kibo na Mawenzi
Njoro, meza haiwezi kueleza kwa nini kompyuta inatoa 11 hapa na 23 pale. Hiyo ni ya kumbukumbu zenyewe.

#17 Njoro ya Dobi
Na kumbukumbu haziwezi kueleza kwa nini mtu ana namba sahihi mkononi na bado anarudi bila kitabu. Watu wa kutazama mlima toka mbali mna shida ya kutokushuka mpaka rafuni, kaka.

#18 Mkutubi wa Zamani
Msigombane, kuna sababu ya tatu na ndiyo ninayoiamini. Kabla ya kompyuta tulikuwa na kadi za sentimita 7.5 kwa 12.5, na kila kitabu kilistahili kadi tatu: ya mwandishi, ya jina, ya mada. Kuchapa tatu kwa taipureta ni kazi. Kazi ikizidi, ya mada ndiyo ilirukwa. Kompyuta zilipoingia, mahali pengi kumbukumbu hazikutoka kwenye kadi. Zilitoka kwenye daftari la kuandikishia vitabu, ambalo lina tarehe, namba ya kuingilia, mwandishi, jina, mchapishaji na bei. Mada haimo. Basi vitabu vyote vya miaka ya 1970 na 1980, na hiyo ndiyo miaka ya mavuno ya tamthilia yetu, viliingia bila 650. Vipya vina mada. Vya zamani vina jina tu.

Jaribuni hivi. Chukueni majibu ya "Swahili drama", mpange kwa mwaka wa kuchapishwa. Kama ya kabla ya 1990 ni machache mno, ujue ni daftari.

#19 Kaloleni Jukwaani
Tumepanga kwa mwaka, mzee. Kati ya 23, vya kabla ya 1990 ni 5. Lakini Kinjeketile inaonyesha 1981, na sisi tunajua ni ya 1970.

#20 Sakina Juu
1969 kwa Kiswahili. 1970 ni ile ya Kiingereza aliyoitafsiri Hussein mwenyewe. Na katalogi inaweza kuonyesha mwaka wa baadaye kabisa, kwa kuwa mtu alinakili mwaka wa chapa akidhani ni wa toleo. Fungua ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule wa hakimiliki. "Toleo la kwanza" ndilo mwaka wa kazi. "Kimepigwa chapa tena" ni mashine kuzunguka tena tu, maandishi ni yale yale. Kwa orodha yenu andikeni yote mawili.

Kwa hiyo jaribio la mzee lina kasoro. Vitabu vya zamani vyenye mwaka wa chapa mpya vinahesabika kama vipya. 5 vinaweza kuwa 10.

#21 Mkutubi wa Zamani
Kweli, hilo sikulipima. Lakini hata vikiwa 10 bado ni vichache.

#22 Usa River
Turudi kwenye jamii, maana Kaloleni aliitaja na imesahaulika. Ngoma ndiyo mtihani mkubwa kuliko tamthilia. Kwetu ngoma ni ala, ni mchezo wa mwili, ni shughuli nzima yenye chakula, mavazi na sababu. Dewey anaipasua. Ngoma kama ala iko 786.9. Muziki wa asili 781.62. Kucheza 793.3, na kucheza kwa jukwaani 792.8. Ngoma kama mila iko 390 na kitu. Ngoma kama jambo la jamii iko 306.484, ambako pia utakuta vitabu vya muziki na maigizo kwa jicho la kijamii. Kitabu cha Terence Ranger cha 1975 juu ya beni, zile ngoma za magwaride ya kuigiza bendi za kijeshi, kinaweza kukaa pahali patatu na kila mkutubi akawa na sababu yake.

Njia ya kuvikusanya ni tarakimu za Tanzania. Dewey anaipa Tanzania 678, na kwa kawaida inaunganishwa kwa 09. Sanaa ya Tanzania 709.678. Muziki 780.9678. Maigizo 792.09678. Historia ya nchi ni 967.8, tarakimu zile zile zimekaa tofauti. Kama katalogi inaruhusu kutafuta ndani ya namba ya rafu, weka 9678 uone inavyovuta vitabu kutoka kila kona. Kenya ni 6762, Uganda 6761, kwa anayetaka kulinganisha.

#23 Dada wa Pasua
Hiyo ya 9678 ni nzuri sana, imeleta vitabu ambavyo maneno yote ya Sakina hayakuvigusa. Ongezeeni tahajia za makabila. Wachagga wanaandikwa Chagga, Chaga, na kwa Kijerumani Dschagga. Bruno Gutmann aliyeandika sana juu ya mila za mlimani alitumia hiyo ya mwisho. Mada ya Kimarekani ni "Chaga" yenye g moja. Ukiandika "Wachagga" unapata vya Kiswahili tu. Maasai na Masai vivyo hivyo, mbili zote zitafutwe.

#24 Ngarenaro kwa Bibi
Kuna neno jingine la kujaribu: "mashetani". Linaleta Mashetani ya Hussein, 1971, kisha linaleta vitabu vya vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa shetani, ule ambao Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha. Kimoja fasihi, kingine uchongaji kwenye 730. Na aliyesoma jina bila kufungua ndani anaweza kuipeleka tamthilia hiyo kwa vitabu vya mizimu. Kwa kijana wa maigizo, kukutana na vinyago hivyo akitafuta tamthilia ni faida. Ndiyo raha ya kupekua bila haraka.

#25 Njoro ya Dobi
Mimi narudi rafuni. Tamthilia zetu ni vitabu vyembamba, nyingi hazifiki kurasa 100. Mgongo una milimita 4 au 5, na lebo ya namba ina upana wa sentimita 2 na nusu. Ikibandikwa mgongoni inakunjika nusu mbele nusu nyuma, namba haisomeki, na inabanduka. Kitabu kisicho na lebo kinarudishwa popote. Kikisimama kati ya vinene viwili kinateleza nyuma mpaka ukutani. Hapo kimepotea bila kuibwa.

Kwa vyembamba lebo ibandikwe jalada la mbele, pembe ya chini kushoto, karibu na mgongo, na vitabu vikae kwenye kasha la kadibodi lenye namba kubwa usoni. Kasha moja linachukua 15 hivi. Kaloleni, mkienda, sogezeni vitabu vya 896 vyote mbele mwangalie nyuma yake.

#26 Kaloleni Jukwaani
Tumefanya hivyo leo kwa ruhusa ya mkutubi. Nyuma ya rafu vilikuwa vitatu: Tone la Mwisho ya Mbogo, na viwili visivyo na majalada. Njoro, ahsante. Vyote pini zake zina kutu na kurasa za katikati zimechomoka. Mkutubi anataka kubandika selotepu.

#27 Njoro ya Dobi
Mwombeni sana asibandike. Gundi ya selotepu inageuka njano, inapenya karatasi, na plastiki inabanduka ikiacha doa linalonata vumbi. Masika ya huku yenye unyevu ndiyo yanayoleta kutu, kwa hiyo pini mpya nayo itaoza. Washone.

Fungua kitabu katikati kabisa. Nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu, isukume itoke kwa nje, usiivute. Panga kurasa, bana kwa vibanio viwili vya nguo. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msharasi: moja katikati, mengine mawili kila moja sentimita 3 hivi kutoka ukingoni. Matundu ya pini za zamani yaache kama yamechanika.

Uzi uwe wa pamba, si wa nailoni, kwa sababu nailoni inakata karatasi. Urefu mara tatu ya kimo cha kitabu. Pitisha kwenye nta kidogo. Sindano ianzie ndani, tundu la katikati, itoke nje, ukiacha mkia wa sentimita 8. Nje panda mpaka tundu la juu, ingia ndani. Ndani shuka moja kwa moja mpaka tundu la chini, ukilipita la katikati, toka nje. Nje panda mpaka katikati, ingia ndani. Sasa ncha mbili zikae kila moja upande wake wa ule uzi mrefu, vuta kufuata mkunjo, usivute kukuelekea wewe maana utachana. Funga fundo mara mbili juu ya uzi mrefu, kata ubakize sentimita 1.

#28 Sakina Juu
Na kabla ya kushona, hesabu kurasa. Kilichoshonwa kwa mkunjo kikikosa ukurasa wa 3, mwenzake wa upande wa pili naye hayupo au ananing'inia.

Kwa viwili visivyo na majalada, angalia kama ukurasa wa hakimiliki umebaki, utafute ISBN, ile namba ya kitambulisho cha kitabu. Vitabu vya Tanzania vina 9976 au 9987, vya Kenya 9966. Vya kabla ya 1970 kwa kawaida havina kabisa. Vya zamani vina tarakimu 10, na kuanzia 2007 ni 13. Katalogi nyingine haitambui ya 10. Usiongeze 978 mbele ukaishia hapo, maana tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi nayo inabadilika. Mfano wa kubuni: 9976-60-123-9. Toa 9 ya mwisho, weka 978 mbele, upate 978997660123. Zidisha moja moja kwa 1 na 3 kwa kupokezana, ujumlishe: inakuja 133. Kinachokosekana kufika kumi inayofuata, 140, ni 7. Namba mpya inaishia na 7.

#29 Kaloleni Jukwaani
Kimoja kimekubali, kimejulikana. Cha pili kina ukurasa wa kwanza wa wahusika tu. Sasa hili la mwisho kwa leo: Ngoma ya Ng'wanamalundi ya Mbogo tunaiona kwa macho rafuni, lakini kompyuta inasema haipo.

#30 Dada wa Pasua
Ritifaa hiyo, kile kialama cha juu kwenye Ng'. Simu nyingi zinaweka iliyopinda, aliyeandika katalogi aliweka iliyonyooka. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti. Ifute uandike upya kwa kibodi ya maktaba. Ikikataa, andika "Ngwanamalundi" bila ritifaa. Ikikataa tena, andika "wanamalundi" peke yake, maana programu nyingine zinakata neno kwenye ritifaa zikabakiza vipande viwili.

#31 Kaloleni Jukwaani
"wanamalundi" imekubali. Na iko chini ya 793.3, dada. Mtu aliona neno "ngoma".

#32 Mkutubi wa Zamani
Basi mwambieni mkutubi wa hapo abadilishe namba kwenye kumbukumbu kwanza, lebo baadaye, na aandike kwa penseli ukurasa wa ndani namba ya zamani. Akianza na lebo, kitabu kitakuwa 896 na kompyuta itaendelea kumpeleka mtu 793.